Gitaa kavu jipya: mikwaruzo nazuiaje? Wapigaji wa Mwanza na kanda ya ziwa njooni

NyuziSita_Nyakato
Wakuu, habari za jioni. Nimepata gitaa jipya, kavu, la nyuzi za chuma. Uso wake ni mati, haung'ai, na limetoka kiwandani bila pikigadi, lile bamba la plastiki linalokaa chini ya tundu kupokea kucha na piki (kile kiplastiki cha kuchapia nyuzi). Matumizi yangu ni ibada Jumapili, mazoezi ya kwaya katikati ya wiki, na Ijumaa huwa naitwa kupiga kwenye hoteli moja ya ufukweni. Usafiri bodaboda, mvua ikizidi daladala.

Gitaa la kwaya tunalotumia sasa limekwanguka mbele na nyuma mpaka mbao inaonekana. Sitaki hili lifike huko. Ushauri nimeshapewa wa kila aina. Mmoja anasema nilipake polishi ya dashibodi ya gari, mwingine nibandike stika uso wote, wa tatu anasema lisitoke kwenye begi (sasa nilinunua la nini?). Wenye uzoefu naomba mnisaidie.

Sangara Mkavu
Ungeliacha dukani mkuu. Kule halikwaruziki kabisa.

MamaKwaya_Pasiansi
Mwanangu, kabla hujafika kwenye stika, angalia nani analishika na kavaa nini. Nafundisha kwaya muda mrefu, nakwambia magitaa yetu hayamalizwi na piki. Yanamalizwa na joho. Joho la kwaya lina zipu ya chuma kuanzia shingoni mpaka magotini, na mpigaji anakumbatia gitaa saa mbili nzima huku anayumba. Nyuma ya gitaa panachorwa mstari mmoja mrefu, ule ule, kila Jumapili. Ukichanganya na kitambulisho kinachoning'inia shingoni, saa ya mkononi na bizimu ya mkanda wa suruali, kile chuma cha kufungia, hapo usimlaumu mtu wa kiwandani.

Sisi tulimrudia fundi cherehani akaongeza ulimi wa kitambaa juu ya zipu za wapigaji. Wasio na joho wanachomoa shati, wanazungusha mkanda hadi bizimu ikae ubavuni. Anayekuja kuazima "nijaribu kidogo mwalimu" anavua kwanza vitu vya shingoni na mkononi. Wanalalamika, lakini wanavua.

NyuziSita_Nyakato
Mama, hilo la zipu sikuwahi kuliwaza. Joho letu ni hivyo hivyo. Asante sana.

FundiMabatini
Mkuu, wewe unauliza upake nini, mimi nataka kujua limepakwa nini. Mimi ni seremala wa samani, magitaa narekebisha yakiletwa, na mengi yanayonifikia yakiwa na uso mbaya yaliharibiwa na mtu aliyekuwa analing'arisha, siyo aliyekuwa analipiga.

Magitaa mengi ya bei ya kawaida yana poliuretani au poliesta juu yake. Ni plastiki iliyokaukia kwenye mbao. Ngumu, haiogopi jasho, haibabaishwi na spiriti kidogo. Gibson, na Martin za bei ya juu, wanatumia nitroselulosi. Ndugu yake wa karibu ni hii NC tunayopulizia makabati, tunaizimua kwa tina. Nitro ni nyembamba na laini, inapendeza ikizeeka, ila inagombana na raba, plastiki laini na kemikali nyingi. Taylor wao wana poliesta inayokaushwa kwa taa za urujuanimno. Halafu ipo shelaki, utaikuta zaidi kwenye magitaa ya nyuzi za nailoni yaliyotengenezwa kwa mkono. Hiyo hata tone la sanitaiza linaacha doa.

Kama lako ni jipya, la bei ya kawaida na ni mati, naweka dau kwenye poli. Habari njema hiyo, kwa sehemu.

Sasa kuhusu mati. Haung'ai kwa sababu uso wake una vikwaruzo na vinundu vidogo mno vinavyotawanya mwanga. Ukisugua unavisawazisha, na paliposawazika panang'aa. Ndiyo maana gitaa mati likishatumika utaona pale mkono wa kulia unapoegemea pameanza kumeremeta, wakati mpigaji hajapaka kitu. Kwa hiyo polishi yenye mchanga, kompaundi ya rangi za magari, dawa ya meno (watu wanaitumia, nimeona), vyote hivyo ni msasa mlaini. Kwenye glosi, uso unaong'aa, vinaweza kufuta mstari mdogo. Kwenye mati utabadilisha mkwaruzo wa uzi mmoja kuwa kiraka kinachong'aa cha ukubwa wa kiganja, na kiraka hicho hakirudi nyuma.

Polishi ya dashibodi usiiguse. Nyingi zina silikoni. Ikipenya kwenye ufa ikafika kwenye mbao, siku ukitaka vanishi mpya vanishi inakataa kukaa, inakimbia na kuacha vishimo vya duara. Mimi nikilipokea gitaa la hivyo naongeza bei kabla sijavaa aproni.

Kusafisha ni kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji kidogo na kukamuliwa hadi kisidondoke, halafu kikavu. Lakini kabla ya kitambaa, vumbi litoke kwanza. Puliza, au tumia brashi laini ile ya vipodozi. Mwanza yetu kuanzia Juni mpaka Septemba ni ukavu na vumbi la mawe, na ukibururuza kitambaa juu ya vumbi hilo umeshachora mwenyewe.

Mntuzu
Fundi nakukubali, ila nina dukuduku. Gitaa ni sauti. Tukianza kubandika plastiki juu ya uso si tunaliziba mdomo? Mimi nilivyoelewa ule ubao wa mbele ndiyo spika yenyewe.

FundiMabatini
Umeelewa sawa. Ubao wa mbele una unene wa milimita mbili na nusu hadi tatu hivi, na unatetemeka zaidi kuzunguka daraja zinapofungwa nyuzi. Kwa hiyo yule aliyemwambia abandike uso wote amkwepe. Pikigadi ya kawaida inakaa kati ya tundu na ukingo wa chini, mbali na daraja, na iwe nyembamba. Hapo tofauti ya sauti mimi siisikii, na anayesema anaisikia namuomba afumbe macho tujaribu.

Hata Wahispania wa flamenko, ambao sauti wanaijali kuliko sisi, wanabandika bamba jembamba angavu, wanaliita golpeador, kwa sababu mtindo wao una kugonga ubao kwa kucha na vidole. Wasingeweka, ubao usingedumu.

Kitu kimoja lakini. Bamba jembamba linazuia mkwaruzo, halizuii kubonyea. Mbao ya mbele kwenye magitaa mengi ni sprusi, ni laini, ukucha tu unaibonyeza kupitia vanishi. Ukiangusha kapo, kile kibanio cha nyuzi, juu yake utapata kishimo hata kama kuna stika. Na usije ukasikia habari ya kunyanyua kishimo kwa pasi na kitambaa chenye maji. Hiyo ni ya mbao tupu. Juu ya vanishi, mvuke unaleta ukungu mweupe.

Stika_Igoma
Nimeitwa huku na mshikaji. Mimi nabandika stika za pikipiki na bajaji, angavu ninazo za glosi na za mati. Magitaa nimeshabandika kadhaa ya vijana wa bendi. Nyenzo ni ile ile inayolinda tangi la boda lisichubuliwe na zipu ya koti.

Ninachowaomba watu wasifanye ni kukata stika ikiwa juu ya gitaa. Mtu anabandika kipande kikubwa halafu anazungusha wembe kufuata duara la tundu. Stika inakaa vizuri kabisa, ila siku ukiibandua unakuta wembe umekata vanishi mpaka kwenye mbao, duara safi. Chora umbo kwenye boksi la kiatu, lijaribu juu ya gitaa mpaka uridhike, halafu kata stika mezani. Kona ziwe za mviringo. Kona kali inaanza kunyanyuka, inakusanya uchafu, mwisho inakwaruza shati.

Na kazi hii haifanyiki barabarani. Vumbi likiingia chini ya stika ndiyo limekaa. Chumba kimefungwa, feni imezimwa, maji ya sabuni kidogo sana kwa chupa ya kupulizia, tena unapulizia stika, siyo gitaa, yasije yakaingia tundu. Mapovu unayasukuma kwa kadi ya benki iliyofungwa kitambaa laini.

FundiMabatini
Huyu kijana anajua kazi. Naongezea tu, hiyo ni kwa poli. Kwenye nitro au shelaki usibandike vinaili yenye gundi. Plastiki laini ina mafuta ndani yake yanayoilainisha, na mafuta hayo yanahamia kwenye vanishi taratibu mpaka inalegea. Kwa magitaa hayo zipo karatasi angavu zisizo na gundi, zinajishika zenyewe kwenye uso wa glosi. Unabandika ukianza kupiga, unabandua ukimaliza. Kwenye mati hazishiki.

Siku ya kubandua iliyo na gundi, pasha joto kwa draya ya saluni, joto la chini, ukivuta polepole kwa kulaza. Ukivuta kwa kunyanyua juu unaweza kuondoka na vanishi.

Sangara Mkavu
Kumbe mada ya gitaa inaweza kuwa na kemia kiasi hiki. Nilikuja kucheka sasa naandika.

MzeeWaNansio
Mwangaluka vijana. Nawasoma tangu jana huku kisiwani, nacheka peke yangu. Gitaa langu la Galatoni lina makovu kila upande na linapigwa mpaka leo. Sisi tulijifunza mtindo wa Katanga, kule Kongo, gumba na kidole cha shahada, hatukuwa na piki wala pikigadi. Mikwaruzo ni kazi iliyofanyika. Yule mzee wa Marekani, Willie Nelson, Martin yake aliyoipata 1969 ina shimo kabisa mbele, siyo mkwaruzo, shimo! Na anajaza viwanja. Nyie mnalia na stika.

FundiMabatini
Shikamoo mzee. Kwa gumba na shahada nakubaliana nawe asilimia zote, mpigaji wa vidole hahitaji bamba. Ila mfano wa Nelson unanisaidia mimi. Ile Martin N-20 ni gitaa la nyuzi za nailoni, lilitengenezwa kwa kupigwa vidole, ndiyo maana halikuwa na pikigadi. Yeye akalipiga kwa piki miaka yote hiyo. Shimo limetokea pale pale ambapo bamba lingekaa. Na lile gitaa lina fundi wake wa kulihudumia. Sisi tusio na fundi wa kudumu tukitoboa, tumetoboa.

Hili liko makanisani kwetu pia. Yamaha C40 zimejaa, nazo ni za nailoni, hazina bamba. Kijana anakuja na piki nene anachapa pambio la dakika kumi. Mwambie apige kwa vidole, au abandike kinga.

MzeeWaNansio
Marahaba ng'wanawane. Umejibu vizuri. Lakini langu silibandiki.

BintiKapripoint
Naona mmesahau kitu na ndicho kinachotuumiza sisi tunaopiga usiku kando ya ziwa. DAWA YA MBU.

Dawa nyingi za kupaka za kufukuza mbu zina kiambata kinaitwa DEET, kimeandikwa kwenye lebo. Mbu inawafukuza kweli, ila inayeyusha plastiki na vanishi. Miwani inaharibika, mkanda wa saa unanata, na gitaa pale unapoegemeza mkono linapata alama ya ngozi yako kabisa, vinyweleo na vyote. Hata poli siiamini hapo. Na siyo alama ya kufuta, vanishi yenyewe imelainika.

Sisemi uache kujikinga, malaria siyo mchezo. Mimi napaka miguuni na kwenye vifundo, nanawa mikono kwa sabuni kabla sijafungua begi, na mkono wa kulia navaa nguo ya mikono mirefu. Mkono huo mrefu unakinga na jasho pia. Losheni za kukinga jua zina tabia zinazokaribiana na hizo, kwa wanaopiga mchana ufukweni.

Kuna na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama wingu wakaijaa taa ya jukwaa. Wakidondoka kwenye gitaa usiwafute kwa kiganja, utawasaga na kuacha uchafu unaonata kwenye mati na hautoki kirahisi. Puliza. Au omba hoteli wasogeze taa pembeni yako badala ya juu ya kichwa, mimi nilisema wakakubali.

Kuhusu nguo: harusini nguo zetu zina shanga na vile vidude vya kumetameta, ni msasa mtupu. Najifunga khanga kiunoni, nikikaa naivuta ifunike tumbo mpaka mapajani. Lakini khanga iliyofuliwa! Mpya ina wanga na rangi yake inachuja ikikutana na jasho. Gitaa jeupe likipata alama ya khanga nyekundu hutaipenda.

Mntuzu
Hii ya DEET ndiyo naisikia leo. Nimeenda kusoma chupa yangu, imo.

MusomaMjini
Wakuu naomba kuingilia. Nina gitaa la zamani nililorithi kwa mjomba, nyuma ya shingo pananata kidogo pale linapolala kwenye stendi. Stendi ina mipira myeusi. Ndiyo hayo mliyosema?

FundiMabatini
Ndiyo hayo. Kuna uwezekano mkubwa ni nitro. Litoe kwenye stendi leo hii. Siyo jambo la usiku mmoja, ni la kulala hapo wiki na miezi, na alama ikishaingia haifutiki kwa kitambaa. Mipira hiyo ivalishe soksi ya pamba, nyeupe, funga kwa uzi isiteleze. Angalia na mkanda wa gitaa, kama ni wa plastiki ya kuigiza ngozi usiuache umegusana na gitaa ndani ya kesi.

Kuhakikisha ni vanishi gani watu hugusa asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, mahali pasipoonekana, mfano chini ya kifungo cha mkanda. Nitro inanata hapo hapo. Lakini hilo ni la mjomba wako, mpelekee fundi afanye yeye.

MusomaMjini
Limeshatoka. Soksi zimevuliwa miguuni mwangu muda huu.

Sangara Mkavu
Zifue kwanza kiongozi, tusiharibu urithi.

MamaKwaya_Pasiansi
Nimecheka jamani. Mwanangu wa Nyakato, hatujamaliza habari ya bodaboda. Begi lile jembamba la kitambaa linakinga vumbi tu. Na mfuko wa mbele wa begi ndiyo adui: vijana wanaweka humo funguo, chaja, kapo, koleo la kukatia nyuzi, halafu wanalala nalo mgongoni. Vyote vinakandamiza uso wa gitaa kupitia kitambaa chembamba. Weka karatasi za nyimbo tu humo.

Kapo isibaki imebana kwenye kichwa cha gitaa mkisafiri. Na begi ligeuze nje ndani ulikung'ute, hasa ukitoka ufukweni. Chembe moja ya mchanga ikiingia, kila tuta la barabarani inachora.

BintiKapripoint
Na kwenye meli pia. Nikienda Bukoba na MV Victoria sikubali gitaa likae na mizigo, nalala nalo. Watu wanarundika mabegi juu ya chochote kilicholala. Kama hela ipo nunua kesi ngumu, ila kagua kitambaa cha ndani na vile vibanio visiguse ubavu wakati unalitoa. Mikwaruzo mingi ya ubavuni ni ya kutoa na kuingiza kwa haraka.

FundiMabatini
Kubadilisha nyuzi nako. Tandika taulo kwenye uso kabla hujaanza. Uzi wa chuma ukiuachia ghafla ncha yake inachapa ubao, na koleo likiteleza ni hadithi nyingine. Ncha zilizobaki kichwani zikate fupi uzikunje kwa ndani. Zikibaki ndefu zinachoma begi, zinachoma na mtu.

NyuziSita_Nyakato
Wakuu nashukuru sana. Nimefika kwa fundi cherehani kuhusu zipu ya joho, amekubali. Chupa ya dawa ya mbu nimeitoa kwenye begi la gitaa (ilikuwa mfuko wa mbele, mama usinigombeze). Nimekata umbo la boksi la kiatu, nimelipiga picha nimetuma kwa Stika_Igoma. Nimechagua ya mati isiachane na uso.

Swali la mwisho kwa fundi. Ubavuni kushoto kuna mstari mdogo, umekuja nao toka dukani nadhani. Niufanyeje?

FundiMabatini
Pitisha ukucha juu yake polepole, kwa kukatiza. Unakwama?

NyuziSita_Nyakato
Haukwami. Unaonekana tu nikilielekeza gitaa dirishani.

FundiMabatini
Uache. Uko juu juu kwenye vanishi, hauingizi unyevu wala hausambai. Ukiusugua utautengenezea kiraka. Ungekuwa umekwama na unaona mbao yenye rangi tofauti, ningesema ulete nizibe tone la vanishi kabla jasho halijaingia.

Mntuzu
Na sisi wenye glosi tukiwa na mistari ya hivyo?

FundiMabatini
Glosi ya poli unaweza kuomba msasa wa maji namba 2000, halafu kompaundi isiyo na silikoni, halafu polishi. Lakini mpe mtu aliyewahi kuifanya. Kwenye kingo na kona vanishi ni nyembamba, ukizidisha mizunguko kidogo unakutana na mbao. Mistari ya nywele tu iache, au polishi ya magitaa inatosha.

Stika_Igoma
Nyakato, umbo nimeliona. Upande wa juu limekaribia sana tundu, punguza upana wa kidole, stika isifike kwenye lile pambo la duara. Jumamosi niko ofisini asubuhi kabla vumbi la stendi halijaanza. Njoo na gitaa limeshafutwa na kukauka, na usilipake kitu chochote.

NyuziSita_Nyakato
Sawa mkuu. Nyuzi nitoe?

Stika_Igoma
Zisitoke zote. Legeza tatu za chini nipate nafasi ya mkono, nikimaliza unatyuni mwenyewe, mimi hapo siwezi.